Pumu na Presha Katika Mwili Mmoja

Kikohozi kinacholetwa na lisinopril, kidonge cha presha, hakifanani na kikohozi cha pumu, lakini mwenye pumu huwa wa mwisho kuiona tofauti hiyo. Ni kikavu. Hakitoi makohozi, hakipigi mluzi kifuani, wala hakijali kama umekaa kwenye vumbi au umekaa ufukweni. Kinaanza na mtekenyo kooni, unakohoa mpaka machozi yanatoka, kinatulia, na ukifungua tu mdomo kuongea kinarudi. Mimi kilikuwa kinanishika nikiinama kwenye cherehani, nikimpima mteja, na zaidi usiku nikishajilaza. Na kwa kuwa nina pumu tangu utotoni na mtaa mzima unajua, kila aliyenisikia alikuwa na jibu moja. Mume wangu alisema ni pumu. Mashoga zangu wakasema ni pumu. Nesi niliyemkuta zamu siku niliyokwenda kuonyesha kifua naye akasema ni pumu, nikaongezewa dawa ya kuvuta. Haikufaa kitu, maana mirija yangu ya hewa haikuwa imebana.

Aliyekitambua hakunigusa hata kifua. Ni mtoto wa kaka yangu, mfamasia, anafanya kazi Dar es Salaam. Alipiga simu kunijulia hali tu, akanisikia nakohoa katikati ya maneno.

"Shikamoo shangazi. Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Marahaba mwanangu. Tangu kabla ya masika, hakitaki kuondoka."

"Na kidonge cha presha walikubadilishia lini?"

Swali lile nililiona la ajabu. Namweleza habari ya kifua, ananiuliza habari ya presha. Akaniomba nizipige picha daftari zangu zote mbili za kliniki nimtumie. Alipozisoma akapiga tena. Kidonge kipya kiliandikwa kwenye daftari la presha, na wiki chache baadaye, kwenye daftari la kifua, ndipo neno "kikohozi" linaonekana mara ya kwanza. Mtu angeziweka pamoja angeona. Ila hazikuwahi kukaa meza moja isipokuwa nyumbani kwangu, juu ya friji.

Daktari wa presha anatazama presha, wa kifua anatazama kifua, na dawa za wote wawili zinaingia mwili mmoja. Sisemi hawako makini. Foleni ya kliniki ya presha naijua, unafika alfajiri na bado unawakuta watu. Ukifika mbele unaulizwa kichwa kinauma, miguu inavimba, macho yanaona vizuri, dawa unameza kila siku. Ni maswali ya maana, lakini hakuna linalogusa pumu. Basi wa kuileta pumu kwenye chumba cha presha ni mgonjwa mwenyewe, na wa kuipeleka presha kwenye chumba cha pumu ni yeye huyo huyo. Siku hizi nina daftari moja. Kwenye jalada nimeandika kwa kalamu nene: PUMU NA PRESHA. Ya kwanza nimeiandika pumu kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika.

Nirudi kwenye kile kikohozi. Lisinopril, enalapril na captopril ni ndugu. Captopril ndiyo ya kwanza kuingia sokoni, Marekani waliiruhusu mwaka 1981, na chanzo chake ni utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili anayeitwa jararaca. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, nikasema kumbe nyoka ndiye anayenikohoza. Dawa hizi zinazuia kimeng'enya kimoja mwilini, mishipa ya damu inalegea, presha inashuka. Lakini kimeng'enya hicho hicho kina kazi nyingine, ya kuvunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inalundikana, na kwa baadhi ya watu inasumbua mishipa ya fahamu ya kooni na kwenye mirija ya hewa. Vitabu vya dawa vinataja wagonjwa kati ya 5 na 20 katika kila 100. Kinaweza kuanza ndani ya wiki ya kwanza au baada ya miezi, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia, kwa kuwa dawa uliyoizoea huishuku tena. Ukibadilishiwa, kikohozi huisha taratibu, kwa kawaida wiki moja hadi nne, na wapo wanaosubiri mpaka miezi mitatu. Changu kilikawia.

Kikohozi chenyewe hakiui. Kinachotisha katika familia hiyo ya dawa ni midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Hilo halitokei kwa wengi, lakini likitokea ni la kukimbizwa hospitali hapo hapo, na dawa za ukoo huo huzimezi tena maishani. Mwenye pumu anaweza kudhani kifua ndicho kimebana, akakaa anajipulizia pampu huku koo linafunga.

Daktari alinihamishia losartan. Hiyo inafika karibu na palepale lakini kwa njia nyingine, haigusi kimeng'enya, kwa hiyo bradikinini inaendelea kuvunjwa kama kawaida. Losartan, telmisartan, valsartan, zote hizo mwenye pumu huwa anazimeza bila taabu ya kifua.

Kabla ya lisinopril kulikuwa na kisa kingine, na hicho kilikuwa kizito zaidi. Presha yangu iligunduliwa nilipokwenda kung'oa jino. Walinipima, ikasoma 170 kwa 100, jino likaahirishwa, nikaambiwa nikaanze dawa ya presha kwanza. Zahanati niliyokwenda wakanipa atenolol. Hakuna aliyeniuliza kuhusu pumu, na pampu ilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Sisi wa Tanga baiskeli ndiyo miguu yetu, wanawake kwa wanaume. Natoka Ngamiani nakwenda kununua vitambaa na kurudi, na kwa miaka mingi njia hiyo haikunipa shida isipokuwa siku za mafua. Baada ya kuanza atenolol nikawa nashuka njiani. Kifua kinabana, nakaa kivulini, natoa pampu ya bluu, napuliza, nangoja. Zamani ile pampu ilikuwa inafungua kifua kabla sijamaliza kuhesabu majora ya kitambaa. Sasa nangoja na ufunguo hauji. Nilimwambia mwenye duka la dawa kwamba pampu aliyoniuzia ni feki. Haikuwa feki.

Moyo na mapafu vinasikiliza homoni moja, adrenalini, kupitia vipokezi. Vya kwenye moyo vinaitwa beta moja, adrenalini ikivigusa moyo unaenda mbio. Vya kwenye mirija ya hewa vinaitwa beta mbili, vikiguswa misuli inalegea na hewa inapita. Salbutamol, ile ya kwenye pampu ya bluu, kazi yake ni kugusa beta mbili. Sasa mwanasayansi wa Scotland, James Black, katika miaka ya 1960 alitengeneza dawa ya kuziba vipokezi vya beta ili moyo upumzike, ikaitwa propranolol, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobeli. Imeokoa watu wengi wenye maradhi ya moyo. Ila propranolol haichagui, inaziba moja na mbili kwa pamoja. Kwa mwenye pumu ni kama tundu la sindano lililojaa nta: uzi unaweza kuwa mzuri kiasi gani, haupiti. Atenolol ilitengenezwa baadaye ili iegemee zaidi upande wa moyo, nayo kweli inaegemea, lakini si kwa asilimia mia, na dozi ikiwa kubwa inaendelea kumwagikia mapafuni. Bisoprolol na metoprolol ziko kundi hilo la kuegemea moyo. Kuna madaktari bingwa wanaompa mwenye pumu nyepesi dawa za namna hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, wakishapima faida na hasara na kumfuatilia kwa karibu. Hiyo ni habari tofauti na kupewa dirishani bila kuulizwa.

Majina ninayoyakumbuka kwa moyo ni haya: propranolol, atenolol, carvedilol, labetalol. Wengi hawajui kwamba propranolol haitolewi kwa presha peke yake. Wanapewa wenye kipandauso, wenye rovu linalofanya moyo udunde, hata wenye mikono inayotetemeka. Kwa hiyo mwenye pumu anaweza kukutana nayo hata kama presha yake ni ya kawaida. Na iko nyingine inayojificha zaidi. Shemeji yangu ana presha ya macho, na yeye pia kifua kinambana tangu ujana. Alipewa matone ya timolol. Nani angefikiri tone la jicho linafika mapafuni? Linapita kwenye njia ya machozi, linaingia puani, linafika kwenye damu. Nilipomsikia anatweta nikamwambia rudi kliniki ya macho na uwatajie pumu. Walimbadilishia siku hiyo hiyo, wakasema hawakuwa na taarifa. Na kweli hawakuwa nazo, daftari lake la macho lilikuwa la macho tu.

Kitu kimoja kuhusu atenolol nakieleza polepole kwa kila anayeniuliza: usiiache ghafla. Moyo uliozoea kuzuiwa ukiachiwa mara moja unaweza kwenda mbio, presha ikapanda kuliko ilivyokuwa, na wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo wanaweza kupata shambulio. Mimi daktari alinipunguzia dozi kwa hatua huku akinianzishia amlodipine. Amlodipine na kifua ni marafiki, haina ugomvi na mirija ya hewa. Tabia yake mbaya ni kuvimbisha vifundo vya miguu, na mimi ninayekaa kwenye cherehani kutwa nzima ilinipata. Daktari hakuniondolea. Alipunguza dozi kisha akaongeza dawa ya pili, ndiyo ile lisinopril iliyonikohoza. Leo nameza amlodipine ndogo na losartan, asubuhi, na presha inacheza karibu na 130 kwa 80.

Kuvimba huko kwa miguu nako kulileta mtihani wake. Mtu mwenye presha ya muda mrefu moyo wake unaweza kuchoka, na moyo ukichoka maji yanarudi kwenye mapafu, na unaamka usiku umekosa pumzi, unakohoa, hata mluzi unasikika. Wazee wetu walikuwa wanaita "pumu ya uzeeni", na mara nyingi haikuwa pumu. Nilipoamka usiku nikihema na miguu imevimba, daktari hakukimbilia pampu. Alinipeleka kupimwa umeme wa moyo na picha ya moyo, ile wanayoiita eko. Moyo ulionekana mzima. Miguu ilikuwa amlodipine na kuhema kulikuwa pumu. Lakini nilipenda kwamba aliuliza kabla ya kudhani. Ukiwa na presha na pumzi ikakatika ukiwa umelala chali, ukalazimika kukaa au kupanga mito, usikubali kuambiwa "si ndiyo pumu yako ile" mpaka mtu awe ameutazama moyo.

Hadi hapa nimezungumzia dawa za presha zinavyokiudhi kifua. Upande wa pili nao una makosa yake, na watu wanaupuuza.

Tangu utotoni nimemeza vidonge vya kifua. Salbutamol ya vidonge, aminophylline, na vile vidonge vyenye efedrini vilivyokuwa vinauzwa kila duka. Ukivimeza mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi haupatikani. Kwa kijana inavumilika. Kwa mwenye presha efedrini ni adui wa wazi, inabana mishipa ya damu na kupandisha presha. Salbutamol ya vidonge inapita mwili mzima kabla haijafika kifuani, ndiyo maana dozi yake inahesabika kwa miligramu, wakati ya pampu ni mikrogramu: mpulizo mmoja ni mikrogramu 100, kidonge kimoja kwa kawaida ni miligramu 2 au 4. Maana yake kidonge cha miligramu 4 kina dawa ya mipulizo 40. Nilipofanyiwa hesabu hiyo niliweka vidonge pembeni bila kubembelezwa. Watu wa rika langu bado wanaionea pampu haya, wanasema ukishaizoea huachi. Kinachozoeleka ni ugonjwa kutotibiwa vizuri.

Hapo kuna jambo la pampu mbili. Ya bluu inafungua sasa hivi lakini haitibu. Ile nyingine, ya steroidi, kwangu ni beclomethasone, inatuliza uvimbe ndani ya mirija na inavutwa kila siku hata ukiwa mzima. Kwa mwenye presha hii ya pili ina thamani mara mbili, kwa sababu kadiri ninavyoivuta ndivyo ninavyohitaji kidogo ya bluu, na ndivyo ninavyoepuka prednisolone. Prednisolone ya vidonge inaokoa maisha kifua kikibana sana, siikatai nikiandikiwa. Lakini inafanya mwili ushike chumvi na maji, inapandisha presha na sukari. Kila ninapopewa ya siku chache napima presha nyumbani asubuhi na jioni na kuandika. Ile ya kuvuta kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, ilimradi usukutue mdomo na kutema, la sivyo utando mweupe unaota ulimini na sauti inakauka.

Tena, salbutamol nyingi inashusha potasiamu kwenye damu. Prednisolone nayo. Vidonge vya maji vya presha, vile vya kukojosha, hydrochlorothiazide na wenzake, navyo. Ukivikusanya vyote mwili mmoja misuli inakaza, miguu inakamata usiku, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Rafiki yangu mmoja wa kliniki yalimkuta hayo, akaambiwa ale ndizi na anywe madafu. Akaniambia na mimi ninywe. Losartan kazi yake ni kinyume, inabakiza potasiamu, kwa hiyo ushauri uliomfaa yeye kwangu ungehitaji kupimwa damu kwanza. Nilipima. Madafu nakunywa kwa kiu, sinywi kwa tiba.

Na mambo ya duka la dawa. Dawa za mafua za kukausha pua zina pseudoephedrine au phenylephrine, zinabana mishipa. Diclofenac, ambayo kwetu inauzwa kama njugu, inapandisha presha, inapunguza nguvu ya losartan na kuchosha figo, halafu kuna wenye pumu ambao diclofenac, ibuprofen au aspirini inawafunga kifua ndani ya saa moja au mbili. Kidonge kimoja kinavuruga pande zote mbili. Magoti yakiniuma namwambia muuzaji, "Nipe Panadol, nina pumu na presha," nayasema yote mawili kwa pumzi moja. Baadhi wananitazama kana kwamba nimeomba upunguzo wa bei.

Nyumbani ndiko nilikopata shida ambayo hakuna daktari aliyeigusa. Mimi ni mtu wa pwani. Nyumba isiyofukizwa udi Ijumaa ni nyumba gani? Harusi bila ubani, bibi harusi bila kufukizwa nguo? Moshi wa udi ni moshi, mirija haiujui utakatifu wake. Nilianza kwa kuhamisha chetezo uani, nguo zinafukizwa huko kwenye kitundu cha kufukizia, mimi nikiwa barabarani. Wakwe zangu walinuna kidogo. Mama mkwe alisema nimekuwa mzungu. Siku moja kifua kikanibana mbele yake chumbani na chetezo kinawaka, na tangu hapo yeye ndiye anayekitoa nje, tena anawafokea wengine. Kwenye harusi nakaa karibu na mlango, natoa hongera zangu mapema.

Jiko la mkaa niliachana nalo kwa gesi, gharama ya mtungi ni ya kupangia, lakini maharage bado tunapika mkaa na binti yangu ndiye anayekaa nayo, uani. Dawa ya mbu ya kuwasha tumeacha, tunalala kwenye chandarua. Kanga mpya nazifua kabla ya kuzikata, ile gundi yake ikipita kwenye cherehani inatoa vumbi laini sana. Barakoa zilizobaki za wakati wa korona nimezimalizia kwenye kazi hiyo.

Chumvi kwetu ni mtihani. Ng'onda, papa mkavu, achari ya embe, vyote vinapendeza kwenye wali wa nazi na vyote ni chumvi tupu. Ng'onda naloweka usiku, namwaga maji, naloweka tena. Achari nimeiacha kwa wageni.

Ramadhani ilinisumbua kwa miaka. Pampu inafunguza au haifunguzi? Mashehe wamehitilafiana, wapo wanaoona haifunguzi kwa kuwa si chakula wala kinywaji na inakwenda mapafuni, wapo wanaoona inafunguza. Mimi si mwanazuoni, sitoi fatwa. Nilichofanya ni kwenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama na kumwomba apange dawa zifuate usiku. Pampu ya steroidi ni mara mbili kwa siku, nikaiweka baada ya futari na kabla ya daku. Amlodipine na losartan ni mara moja kwa siku, zikahamia usiku. Rafiki yangu anayemeza vidonge vya maji alishauriwa ameze baada ya futari badala ya daku, asije akakojoa maji yote mchana akiwa na kiu. Pampu ya bluu inakaa mfukoni mchana kutwa, na kifua kikibana naivuta bila kumuuliza mtu. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, Qurani imesema wazi.

Jinsi ya kuvuta pampu nilidhani naijua. Mfamasia wangu alinitazama siku moja nikivuta akasema nusu ya dawa naiacha ulimini. Siku hiyo alinitengenezea kifaa kwa chupa ya maji ya nusu lita. Unatoboa kitako cha chupa kwa waya wa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, unachomeka pampu, pembeni unaziba kwa gundi au plasta, kisha unapumua kupitia mdomo wa chupa, mpulizo mmoja kwa wakati, pumzi taratibu kadhaa. Nilidhani ni ujanja wa kimaskini. Kumbe watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 matokeo ya watoto wenye pumu, na chupa ya ml 500 ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Kwa mwenye presha kuna faida ya ziada: dawa inayobaki kinywani na kumezwa ndiyo inayochangia kutetemesha mikono na kudundisha moyo, na chupa inaipunguza.

Kupima presha nako kuna adabu zake. Nakaa dakika tano kimya, miguu chini, mkono mezani, sijanywa kahawa, sijaongea. Nikiwa nimevuta pampu ya bluu muda si mrefu namwambia nesi aandike. Kuna siku nilivuta mara nyingi njiani, nikapimwa papo hapo, ikasoma juu, karibu waniongezee dozi. Niliomba nikae nje, nirudi baadaye. Ilishuka.

Sasa hivi kilichobaki ni suala la kopo. Mwaka jana nilimaliza makopo mengi ya bluu kuliko nilivyotaka, na miongozo ya pumu inasema matatu au zaidi kwa mwaka ni dalili kwamba ugonjwa haujatulia. Yule mtoto wa kaka yangu, mfamasia, ananiambia tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa imeacha kumpa mtu mzima pampu ya bluu peke yake, na kwamba kuna pampu moja yenye budesonide na formoterol ndani yake inayotumika kuzuia na kufungua pia. Nimeiandika kwenye daftari ili nimuulize daktari tarehe yangu ikifika, pamoja na swali la moyo, maana formoterol nayo ni ya ukoo wa salbutamol. Famasi ya karibu na soko hawanayo. Ile ya barabara kuu wamesema wanaagiza, ila niende na karatasi ya daktari, na nipige simu kwanza kujua kama bima inailipia.